Maneno Aliyoyasahau Valère

Pétronille alikuwa na miaka kumi na tisa siku Valère alipomfanya kichekesho mbele ya mji.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka wa sabini na tatu, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, Kalemie. Valère ndiye aliyeongoza kundi la michezo ya kuigiza, ambalo watu waliliita teatri tu, na kwa mara ya kwanza alikuwa amempa Pétronille nafasi kubwa: mama ambaye mtoto wake amezama ziwani. Msichana alijifunza maneno yake miezi miwili. Mama yake, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyehamia Kalemie kutoka ufukwe wa kaskazini, alivaa kitenge chake cha kanisani akaketi benchi la tatu.

Pétronille alipiga magoti, akaanza kumlilia mtoto. Watu wakacheka. Alidhani hawajaelewa, akalia kwa nguvu zaidi. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Alipogeuza kichwa ndipo alipomwona Valère nyuma yake, amejifunga kitambaa kichwani, anafungua na kufunga mdomo kama samaki aliyetupwa mchangani, anafuata kila kilio chake. Alipotazama tena mbele, mama yake alikuwa amesimama, anatoka.

Baadaye Pétronille alimfuata Valère nyuma ya pazia.

"Papa Valère, nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Watu walikuja kufurahi, wamefurahi." Valère alikuwa anajifuta jasho. "Sikiliza, mutoto. Ile sauti yako njo ya kuita wanunuzi wa ndagala kule gatini. Haiwezi kuliza muntu."

Nyumbani mama yake alingoja mpaka walipomaliza kula. Kisha akasema, "Usirudi kule tena."

"Nitarudi," Pétronille alijibu. "Na siku hiyo atashindwa yeye, watu wakimwangalia."

Kesho yake alikwenda kwa Mama Godelieve, mjane wa fundi wa reli, aliyeshona sare za wanafunzi barazani kwake. Watu wazima walijua kwamba Mama Godelieve ndiye aliyeanzisha teatri ile, na kwamba Valère alikuwa mwanafunzi wake. Valère alipoona ameshaiva, alimchongea kwa wakubwa wa reli, akarudi na ufunguo wa ukumbi mfukoni. Tangu hapo yule mama hakukanyaga jukwaa.

"Unataka nini kwangu?" Mama Godelieve aliuliza bila kusimamisha cherehani.

"Nataka kumwangusha Valère."

"Hiyo ni kazi ya siku moja. Siku zingine utafanya nini?"

Mama Godelieve alikata uzi kwa meno. "Njoo kesho asubuhi, mbele ya kazi. Ukichelewa, usirudi."

Hakuchelewa. Asubuhi baada ya asubuhi walishuka ufukweni, upepo ukipiga na mawimbi yakivunjika, na Mama Godelieve alisimama hatua hamsini mbali. "Sikusikii!" aliita yule mama. Pétronille akipiga kelele, aliambiwa, "Sasa nasikia kelele. Maneno sijayasikia." Ilichukua mwaka mzima kabla sauti yake haijavuka mawimbi bila kupayuka. Lafudhi ya Kibembe aliyoirithi kwa mama yake, Mama Godelieve alikataa kuigusa. "Hiyo njo yako. Kaa nayo."

Kisha akamfundisha kusimama bila kuchezesha mikono. Kisha kusikiliza. Na kila mchezo waliouchukua alimlazimisha kushika maneno ya watu wote, ya mfalme, ya mlevi, ya askari wa mlangoni.

"Ya nini, Mama, na mimi nina maneno kumi tu?"

"Shika yote. Siku moja utajua."

Walikusanya watu sita, wakaunda kundi lao. Walicheza Kabalo, kwenye uwanja wa stesheni, mbele ya abiria waliokuwa wanangoja treni kwa siku ya pili. Walikwenda Zongwe kwa mtumbwi wa mota, wakacheza kando ya ndagala zilizoanikwa, na mwanamke mmoja alisimama katikati ya mchezo akamwambia Pétronille, "Hapana, mwanangu, hatulii hivyo." Akaja mbele, akaketi chini, akaonyesha. Pétronille aliketi karibu naye, akajifunza mbele ya watu wote, na hakuona aibu.

Lakini kila alipochoka aliuona ule mdomo ukifunguka na kufungika kama wa samaki. Mwili ukaamka. Miaka mitano alikula chuki ile kama muhogo, na ilimshibisha.

Mwaka wa sabini na nane Kalemie iliambiwa kupeleka kundi moja kwenye shindano la Lubumbashi. Wakubwa wa mji wakaamua makundi mawili yaungane, yacheze kwanza mbele yao kabla ya safari. Mchezo ulihusu mtemi aliyemfukuza mwanawe wa pekee, naye akarudishwa maiti. Mwishoni mtemi anasimama juu ya maiti na kukiri makosa yake kwa hotuba ndefu. Valère alijichukulia mtemi. Mke wa mtemi, mwanamke asiyesema sana, akapewa Pétronille. Kwenye matangazo aliandikwa Mauwa, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali.

"Wa ndagala!" Valère alimsalimu siku ya kwanza ya mazoezi. "Umekua."

"Ndiyo, Papa."

Pétronille alimwangalia tu, na baada ya wiki mbili akagundua jambo: Valère hakuwa ameshika ile hotuba. Kwa miaka mingi hakujisumbua kushika lolote refu. Alimtegemea Anatole, karani wa stesheni, aliyekaa nyuma ya pazia na kitabu, akimnong'onezea sentensi moja moja. Na Valère alimshukuru Anatole kwa kumwita kasuku mbele ya wenzake.

Pétronille alimfuata Anatole bironi, ofisini kwake stesheni.

"Siku ya wakubwa, ukifika kwenye hotuba, funga kitabu."

Anatole aliweka kalamu chini. "Atanifukuza."

"Ndiyo. Atakufukuza."

"Ukurasa ule tu?"

"Ule tu."

Siku ya wakubwa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama Godelieve alikuwa benchi la kwanza, mara yake ya kwanza kuingia mule tangu aliponyang'anywa ufunguo. Mchezo ulikwenda vizuri. Maiti ikaletwa. Valère akainua mkono, akasema, "Nilimfukuza mwanangu..." akangoja.

Pazia lilinyamaza.

"Nilimfukuza mwanangu," alisema tena, akainamisha sikio upande wa Anatole. Jasho likaanza kumtoka. Nyuma kabisa mtu mmoja alicheka, kisha wawili. Valère akamgeukia Pétronille, na macho yake yalikuwa yanaomba. Neno moja lingetosha kumwokoa. Pétronille alikuwa nalo mdomoni.

Alisimama kama alivyofundishwa, bila kuchezesha hata kidole, akaacha kicheko kikue. Alitaka akisikie vizuri.

Kisha akapiga hatua mbele, akasema kwa sauti ya chini iliyofika madirishani:

"Mume wangu hana neno. Nitasema mimi."

Akaitoa hotuba yote. Ila kila mahali mtemi alipopaswa kusema "nili", yeye alisema "uli", huku amemtazama Valère usoni. Ulimfukuza mwanangu. Ulimcheka alipolia. Uliogopa kwamba angekupita. Kicheko kilikatika. Valère alirudi nyuma hatua moja, tena moja, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Mwisho aliketi chini karibu na maiti akafunika uso, na hakuna aliyejua kama anaigiza. Watu wakasimama, wakapiga makofi na vigelegele. Wanawake walikuwa wanalia.

Katika orodha ya kwenda Lubumbashi, jina la Valère lilifutwa. Siku nzima Pétronille alikuwa na utamu mdomoni kama aliyelamba asali.

Jioni alikwenda kwa Mama Godelieve akidhani atakumbatiwa. Alimkuta mlangoni. Anatole alikuwa ameshapita kueleza, na ameshafukuzwa teatri.

"Nilikushikisha maneno ya wenzako ili uwashike wakianguka," Mama Godelieve alisema. "Siyo uwasukume."

"Mama, yeye alikufanyia wewe pia..."

"Nenda Lubumbashi. Hapa usije." Akafunga mlango.

Pétronille alikwenda na kundi, na shindano lilipokwisha kundi moja la Lubumbashi likamchukua. Lakini habari ya aliyomtendea Valère ilifika pamoja naye kwenye treni. Waigizaji walimsifu, kisha wakakataa kubaki naye wawili tu jukwaani. Akiingia nyuma ya pazia, mazungumzo yalikatika. Miaka mitatu alipewa watumishi na majirani, maneno matano, maneno kumi. Wengine wangeacha. Yeye aliendelea kuamka asubuhi, kupaza sauti peke yake, kushika maneno ya wote. Mara moja mwenzake Dorothée alisahau katikati ya mchezo, na Pétronille, aliyebeba sinia tu, aliinama kama anayemimina maji akamnong'oneza sentensi tatu. Hakuna mtazamaji aliyejua. Nyuma ya pazia, wote walijua. Toka hapo, polepole, wakaanza kumkaribia.

Mwaka wa themanini na tatu alisikia Mama Godelieve ni mgonjwa. Akachukua treni. Alimkuta kitandani, amekonda, cherehani imefunikwa shuka.

"Unajuta?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Kwa Anatole, ndiyo. Alilipia deni langu. Kwa Valère, hapana."

Mama Godelieve alicheka mpaka akakohoa. "Hata mimi nilifurahi siku ile. Nilifurahi sana. Njo sababu nilikufukuza, mwanangu. Nilijiona."

Pétronille alibaki akamuuguza, wiki sita, mpaka mazishi. Kisha hakurudi Lubumbashi. Alianzisha kundi lake katika ukumbi uleule wa reli, akamwita Anatole arudi na kitabu chake. Alicheza Kalemie na Moba, mara mbili alivuka kwenda Kigoma, na miaka mingi baadaye, nywele zilipoanza kuwa na mvi, bado watu walijaa madirishani kumwona.

Valère alikuja mwaka wa themanini na nane, ameshika mkono wa binti yake, Angélique, miaka kumi na sita. Alikuwa amezeeka vibaya.

"Mama Pétronille," alisema. Kabla ya hapo hakuwahi kumwita Mama. "Huyu mutoto ana kipaji. Mimi sina wa kumfundisha. Uko wewe tu."

Pétronille alimwambia msichana aseme kitu, chochote. Angélique alisema. Sauti ilikuwa nzuri, mikono ilikuwa inarukaruka.

"Kesho asubuhi, ufukweni," Pétronille alisema. "Ukichelewa, usirudi." Kisha akamgeukia Valère. "Wewe ukumbini huingii."

Alimfundisha yule msichana kila alichokijua, bila kuficha. Kumshika mwenzake akianguka ndilo lilikuwa somo la kwanza. Na kila siku ya mazoezi Valère alimleta binti, akaketi nje kwenye ngazi, akisikiliza sauti kupitia mlango uliofungwa.

Siku moja katikati ya mazoezi mvua kubwa ilianza kupiga mabati. Angélique alinyamaza, akatazama mlangoni.

"Mama, Papa aingie?"

"Hapana," Pétronille alisema. "Rudia maneno yako."