Ukurasa wa Tatu

Kidole cha mtoto kikilowa mate hula karatasi kuliko mende. Nililijua hilo nimeshachelewa.

Mume wangu Tokuji alikuwa mchonga mbao za kuchapia vitabu, pale mtaa wa Kanda. Mwaka aliopewa kitabu cha watoto, katika vile vyenye jalada jekundu, uso wa mtoto anayerusha tiara katika ukurasa wa tatu haukumpendeza. Akachonga wa binti yetu, Onui: paji pana na ule mdomo wake wa kukaribia kucheka. Kichochoro kizima kilikinunua. Nyumba yangu haikuwahi kukosa watu, na kila mtoto aliyeingia alikuja na kitabu chake, akibonyeza kidole: Onui huyu hapa. Onui mwenyewe, kwa kujidai, akiwatoza harage tamu moja kwa kila kutazama.

Ndui ikaingia maua ya plamu yakichanua. Tulimvika Onui nguo nyekundu, tukambandikia picha nyekundu kichwani pa kitanda, kama inavyofanywa ili ugonjwa upite mbali. Haukupita. Kitabu chake tulimzika nacho.

Siku ya arobaini na tisa, ya kumaliza matanga, wanawake walijaa kwangu, chai inazunguka, na msemaji mkubwa nilikuwa mimi. Niliogopa kunyamaza. Tokuji akasimama mlangoni, mkononi ubao wa ukurasa wa tatu. Mchapishaji alikuwa ameagiza urandwe, uchongewe kitabu kingine. Mbao za mcheri hazitupwi.

“Mama Onui,” akasema polepole, “nitoe chapa moja kwanza?”

Wote wakanigeukia. Nikacheka, nikamjibu kwa sauti ya kusikiwa na wageni.

“Ya nini, baba? Mtoto yuko kila nyumba hapa. Randa tu.”

Otatsu, muuza tofu, akawaambia wenzake kwamba moyo wa mwanamke huyu ni wa chuma. Neno lile lilinipendeza. Nyuma ya ukuta nikaisikia randa: mkwaruzo mfupi, ukasita, halafu mrefu.

Kesho yake nilitoka kutafuta nakala moja yenye uso wake, nikaanzia kwa Otatsu. Nikafungua ukurasa wa tatu. Kimono kipo, kamba ipo, tiara iko juu angani. Juu ya shingo palikuwa na tundu. Nyumba ya pili, vilevile. Ya tatu karatasi haikutoboka, ila uso umefutika, pamebaki weupe wenye manyoya kama kitambaa kilichochakaa. Nilizunguka nyumba kumi na moja, uso sikuupata.

“Watoto walikuwa wakimwonyesha kwa kidole tu, dada,” Otatsu alisema niliporudi kwake, kama ndiye aliyemfuta.

Akanipa kitabu chake. Tokuji aliponiuliza kama nimepata, nilisema nimepata, kizuri, nimekihifadhi. Hakuomba kukiona. Alikufa akiamini hivyo, au alijua akaniachia.

Ninacho hadi leo. Nyumba bado hujaa, na watoto wa sasa huniuliza aliyemkata kichwa mwenzao ni nani. Huwaambia wakaushe vidole kwanza, ndipo nawafungulia.