Maji Maangavu ya Kafr Zahwa

Wagida alikuwa akisugua masufuria kwenye ngazi za mfereji alipoona vidole vyake vimeanza kuingia kijani cha zeituni. Hakuacha kusugua. Kiwanda cha nguo kule juu ya mfereji kikibadilisha rangi ya vitambaa, watu wa Kafr Zahwa nao hubadilika, na wachuuzi wa Kairo walikuwa na kawaida ya kuja kunywa chai kijijini ili wajue mapema msimu ujao watu watavaa nini.

"Zeituni hainipendezi mimi," alinung'unika binti yake, Sabrin. "Na harusi hii hapa mlangoni. Si wangengoja kidogo?"

"Shukuru si manjano ya shangazi yako. Kila aliyekutana naye alimwuliza habari za ini."

Ini kweli lilikuwa bovu, na shangazi alizikwa kabla manjano haijatoka kwenye mitindo.

Kisha akaja Basyuni, mhandisi wa kiwanda, na habari njema. Kiwanda kilikuwa kinahamia kwenye kemia isiyochafua. Alikuwa kijana mwema, akila bila kubembelezwa, na alichokisema alikiamini.

"Mama Sabrin, mtaona mpaka mawe ya chini," aliahidi.

Waliyaona. Wageni wenye kofia walikuja kupiga picha bomba la maji machafu, wakakipa kiwanda tuzo ya kioo. Juma hilohilo Wagida alishika kikombe cha chai akayaona maua ya kikombe kupitia kiganja chake. Walianza watoto kufifia hadi wasionekane, wakafuata watu wazima, na bata wakaharibika bei, maana hakuna mnunuzi anayetaka kulipia mzani mtupu. Watu walizoea. Wanaume walijifunza kukohoa kabla mwenzao hajawakalia, na kila mtu akawa anasalimiwa kwa nguo zake.

Basyuni aliporudi, Wagida alimwuliza waziwazi kilichofanyika.

"Niliomba rangi inayoshika yote kwenye kitambaa, kusiwe na cha kumwaga," alisema akitazama chai yake. "Wakubwa wakaiona ghali. Wakanunua dawa ya kuondoa rangi kwenye maji."

"Na sumu?"

"Sumu ipo, mama. Ila haionekani."

"Kula, mwanangu, mkate unapoa," Wagida akamwambia, kwa sababu kijana alikuwa karibu kulia.

Mama wa bwana harusi, Hajjati Inshirah, alikaa mjini na maji yake yalitoka kwingine. Alionekana vizuri sana.

"Mwanangu haoi gauni," alisema. "Nitakuja siku ya hina. Nikimwona bibi harusi, ndoa ipo. Nisipomwona, tutakunywa sharubati tuagane kwa wema."

Sabrin alimpenda bwana harusi wake tangu shuleni. Usiku hakula.

Siku ya hina, mchana, Wagida aliwatoa wanawake wote chumbani, akamkalisha binti yake kwenye mkeka na bakuli la hina pembeni. Hina haikuwa na habari na kiwanda. Ilishika kama kawaida. Alipaka kwa kidole, akipapasa kwanza kisha akipaka, na uso ukaanza kutokea juu ya kola ya gauni: paji, nyusi, ile pua yenye kiburi. Alikuwa hajauona kwa miezi. Mashavu aliyakuta yamebonyea. Akayapaka mapana, kama alivyoyakumbuka.

Chini ya taya kidole chake kilikutana na uvimbe, mgumu kama dengu. Mkono ukasimama.

"Nini, mama?"

"Hamna kitu. Usitikisike, utaniharibia."

"Unauma kidogo hapo."

"Najua, roho yangu. Tulia."

Akaishiliza hina juu kidogo ya ule uvimbe, akafungua mlango.

Hajjati Inshirah aliinama, akautazama ule uso wa kahawia upande huu na upande ule, bila haraka.

"Mashallah," alisema mwishowe. "Mzima kabisa."

Akawa wa kwanza kupiga vigelegele. Wanawake wakampokea, na Wagida naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote, na kwa kuwa uso wake haukuonekana, hakuna aliyemwuliza ana nini.