Wimbo Usio na Mwenyewe

Kananu, mwenye hoteli pale Kinoru, hakuwa na leseni ya muziki, wala hakutaka kuisikia. Alimpa Kiunga, mpiga gitaa wake wa Jumapili, karatasi ya kujaza mambo mawili: jina la wimbo, na mwenyewe.

"Andika zile za kitambo pekee," alisema. "Mwenyewe akimaliza miaka hamsini kaburini, hiyo ni ya kila mtu. Zingine usiniletee."

Kiunga alijaza nyimbo tano upesi. Wa sita ukamkwamisha. Huo ndio wateja walioujia, na bila huo angerudi kuchuma majani chai. Mamake aliutunga akimbembeleza, akatia jina la mwanawe katika kila kiitikio, na mamake alikuwa kaburini miaka minane tu. Kiunga hakujua kwamba mtunzi akifa, wimbo humwangukia mwanawe. Angejua, angeandika "mimi mwenyewe" na yaishe. Lakini mtu wa haraka haulizi. Aliandika: Hauna mwenyewe.

Jumapili, watu walipotoka kanisani wakaketi kula mukimo, aliuanza. Kwenye meza ya dirishani alikaa mama mmoja mwenye kikapu cha majani chai, kitambaa chake cha kichwa kimelowa, na nje jua linawaka.

Alipofika kiitikioni, pale pa jina, mdomo ulifunguka mtupu. Alirudia. Jina halikuwepo, si katika wimbo, si kichwani mwake.

Yule mama aligeuka. Alikuwa mamake. Furaha na hofu vilimpanda Kiunga pamoja, asijue ashike kipi.

"Nilikuwa na mtoto," mama alisema taratibu, akimtazama kama mgeni. "Jina lake niliweka kwa wimbo, nisilipoteze. Sasa halimo. We unalijua?"

Kiunga alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Mama akachukua kikapu chake, akaondoka.

Kananu alikuja na kitambaa, akapangusa kiti alichokalia Kiunga. Mkono wake ulipita magotini mwa Kiunga bila kugota popote.

"Mithika!" alimwita mhudumu. "Hii gitaa ni ya nani?"

"Sijui, madam. Nadhani haina mwenyewe."

Kiunga alikimbia hadi barabarani akipaza sauti, "Mama! Ni mimi!" Mamake akasimama, akageuka, akangoja aambiwe ni mimi nani.