Trei ya Matundu Arobaini

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa mbili kamili asubuhi. Watu wakimuuliza Honi mkewe alifariki lini, huwatajia tarehe nyingine, ile ya kwenye cheti. Lakini akihesabu mwenyewe moyoni huanzia Jumanne ile. Ndiyo siku mambo yalipoharibika, naye alikuwepo, amesimama hapo hapo, mkoba wa mkewe begani kama mtu aliyetumwa dukani.

Honi si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa kiwandani, kiwanda cha kusaga unga, ambako kwa miaka ishirini na mbili amepaka mashine grisi na, kila saa mbili kamili asubuhi, amebonyeza honi ya kuingia kazini. Akishabonyeza huandika kwenye daftari: tarehe, saa, sahihi. Shule aliishia darasa la tano, lakini kwenye habari ya saa humwambii kitu. Mtaa mzima unarekebisha saa zake kwa kidole chake.

Mkewe alikuwa amechoka mwaka mzima. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alikuwa akifagia uani anaketi katikati ya kazi, ufagio mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kufua kukawa kwa awamu, mashuka leo, nguo kesho. Akiinuka ghafla, kizunguzungu kinamkalisha. Akaanza kupenda chumvi. Anaimimina kiganjani, analamba, na akikutwa anacheka kwa aibu kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Mistari ya viganja vyake ikaingia weusi, fizi nazo vilevile, hata majirani wakamtania kwamba siku hizi anapikia juani badala ya jikoni.

Hospitali wakamzungusha. Daktari wa kwanza alimpa dawa ya malaria. Wa pili, vidonge vya kuongeza damu. Wa tatu, bila hata kuinua macho kwenye simu yake, alisema, "Mama, hayo ni mawazo tu. Na umri."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na sita.

"Basi yapime hayo mawazo, daktari," Honi alimjibu, "tujue ni kilo ngapi." Wakatolewa nje.

Mwishowe akapatikana daktari wa kike, wa mkataba wa miezi mitatu. Huyo alimshika mgonjwa mkono, akamgeuza kiganja, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akaandika vipimo vya homoni: ya tezi ya shingoni, na ya zile tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo.

"Hiki cha mwisho ni damu ya asubuhi," alisema. "Saa mbili, isizidi saa tatu. Asubuhi homoni hiyo inakuwa juu, kadiri siku inavyokwenda inashuka yenyewe. Bila kujua damu imetoka saa ngapi, namba haina maana."

Kwa hiyo Jumanne ile Honi aliomba ruhusa, akamwachia mwenzake wa zamu kitufe na daftari, akampeleka mkewe. Walikuwa wa tatu dirishani. Sindano iliingia, na damu ilikuwa ndiyo inapanda kwenye kichupa wakati honi ya kiwanda ilipolia ng'ambo ya barabara. Mkewe akatabasamu.

"Leo linalia jina bila mwenyewe," alisema.

Kichupa kikachomekwa kwenye trei ya mbao yenye matundu arobaini, juu ya kizingiti cha dirisha. Wakaenda zao nyumbani. Ni hilo tu lililotokea siku ile, na hakuna aliyepiga kelele.

Waliporudi kuchukua majibu, mkataba wa daktari wa kike ulikuwa umekwisha. Kwenye kiti chake alikaa daktari mrefu, mpole, mwenye watu sitini nje ya mlango. Honi ndiye aliyepokea karatasi dirishani, akaibeba korido nzima mpaka mezani kwa daktari, akampa kwa mikono miwili.

"Tezi ya shingo imelegea," daktari alisema. "Hizi za juu ya figo ziko sawa. Nakupa vidonge, mama, kimoja kila asubuhi. Utarudi kuwa msichana."

Siku za mwanzo mama alisema anasikia moyo unakimbia. Siku ya saba alianza kutapika. Siku ya tisa alianguka mlangoni pa bafu. Alipofikishwa mapokezi, mtu wa kadi alikuwa bado anauliza namba ya faili, na mwenye faili ameshakwenda.

"Mwili ulishindwa," Honi aliambiwa. Wakubwa wana maneno yao ya kufungia mlango, na hayo yalikuwa mojawapo. Hakukuwa na kikao wala barua, na hakuna aliyemwambia kaa chini tukueleze. Alipewa cheti, na mkoba wa mkewe aliorudi nao begani, kama alivyokwenda nao.

Mwaka na nusu ukapita. Honi akawa mtu wa kununa. Meneja wa kiwanda akimsalimu habari za asubuhi, anamjibu, "Zako wewe." Wenzake walizoea. Walisema grisi imemwisha viungoni.

Nyumbani alibaki na binti yake, mshonaji kwenye karakana ya sare za shule, mwenye miaka ishirini na minne na mdomo wa mama yake. Jumapili moja mchana walikuwa mezani, Honi akamwona anajimiminia chumvi kiganjani.

Aliacha kutafuna.

"Unafanya nini?"

"Nini, baba? Chumvi tu."

"Tangu lini?"

"Baba, usianze. Nimechoka, basi. Wewe kaa kwenye cherehani kutwa nzima uone kama hutachoka. Halafu nimeshakwenda hospitali, nimepewa dawa."

"Dawa ya nini?"

"Tezi ya shingo. Kidonge kimoja kila asubuhi. Leo siku ya nne."

Honi aliinuka kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake. Bahasha ya vidonge ilikuwa juu ya kabati. Aliinyakua akaitia mfukoni.

"Baba! Hiyo dawa yangu!"

"Hunywi."

"Wewe ukiona koti jeupe tu unaona mchawi! Mama alikuwa anaumwa. Watu wanaoumwa wanakufa. Utamnunia kila daktari mpaka lini?"

"Lete kiganja."

"Sileti."

"Lete kiganja, mama," alisema taratibu. Alikuwa hajamwita hivyo tangu alipokuwa mdogo, na labda ndiyo maana binti alinyoosha mkono.

Mistari ilikuwa imeingia weusi, kama imechorwa kwa kalamu ya risasi.

Honi alikwenda chumbani akarudi na karatasi ya mkewe. Hakuwa ameifungua tangu msiba. Aliivutia dirishani penye mwanga, akavaa miwani, akapitisha kidole. Namba na vifupisho havikumwambia kitu. Lakini pembeni palikuwa na muhuri wa bluu, na chini ya muhuri maandishi ya mkono. Alisoma, akadhani amekosea.

"Hebu nisomee hapa."

"Saa tisa alasiri."

"Soma tena."

"Saa tisa alasiri, baba. Nimechoka mwili, macho bado mazima."

"Mama yako alitolewa damu saa mbili asubuhi. Honi ililia sindano ikiwa mkononi."

Binti akavuta mkoba wake, akatoa karatasi yake mwenyewe, akaitazama pembeni.

"Na wewe walikutoa saa ngapi?" Honi aliuliza.

"Saa mbili na nusu. Kabla sijaingia kazini." Akageuza karatasi ili baba yake aone. Saa tisa na robo, alasiri.

Chakula hakikumalizwa siku ile.

Jumatatu hawakungoja mtu. Honi alipita kiwandani kwanza, akalitia daftari la honi ndani ya shati bila ruhusa ya yeyote. Kulitoa nje ya geti ni kosa la kumwaga unga, la kupoteza kazi, na alijua. Walifika hospitali dirisha likiwa ndiyo linafunguliwa. Alipoanza kuuliza nani kaandika saa tisa, sauti yake ikamtoa ndani msimamizi wa maabara, mtu wa tai na rundo la funguo.

"Mzee, unapiga kelele mahali pa wagonjwa."

"Mgonjwa ni huyu hapa, na mwingine nimeshamzika. Wote damu ilitoka asubuhi, mama yake saa mbili kamili. Saa tisa hii imetoka wapi?"

Msimamizi alizitazama karatasi mbili, akacheka kidogo, kama mtu anayemsamehe mjinga. "Aah. Hii si saa ya kutoa damu, mzee wangu. Ni saa ya kupokelewa ndani. Trei haiondoki dirishani mpaka ijae, ndiyo utaratibu. Tarishi hawezi kukimbia na kichupa kimoja kimoja. Ikijaa, naye akishakula, anaileta, tunagonga muhuri. Huku ndani kila mtu anajua."

"Na madaktari wanajua?"

Msimamizi alishika tai yake. "Wanatakiwa kujua."

"Sijauliza wanatakiwa. Nimeuliza wanajua?"

"Mjibu mzee wa watu, bosi," alisema mama mmoja kwenye foleni. "Sisi hatuna haraka, trei yenyewe bado tupu." Watu wakacheka, na msimamizi akakunja uso.

"Hata hivyo hayo ya saa mbili ni maneno yako wewe."

Honi alitoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa uliokunjwa pembe, akalilaza kwenye kizingiti. Jumanne, tarehe kumi na nne, saa mbili kamili, sahihi ya mwenzake wa zamu.

"Haya si yangu. Ni ya kiwanda. Honi ililia sindano ikiwa mkononi mwa mke wangu."

"Honi ya kiwanda si kifaa cha hospitali, mzee."

"Afadhali. Honi haingoji trei ijae."

Daktari mrefu alikuwa bado kwenye kiti kile kile. Hakumkumbuka mke wa Honi, na hakujidai kumkumbuka. Aliziweka karatasi mbili sambamba mezani. Honi alipomweleza habari ya trei, aliuliza swali moja tu, mara mbili: "Zote mbili zilitoka asubuhi?" Kisha akavua miwani.

Alimgeukia binti. "Ukisimama unasikia kizunguzungu? Umetapika?"

"Kizunguzungu, ndiyo. Kutapika, tangu jana jioni. Sikumwambia baba."

"Vidonge umemeza vingapi?"

"Vinne."

"Usiongeze hata kimoja." Akamgeukia Honi, akasema polepole, kama mtu anayejisomea mwenyewe. "Namba hii kwa alasiri si mbaya. Kwa asubuhi ni tangi tupu. Tezi za juu ya figo zikikauka, mwili unajikongoja hivyo hivyo, kidogo kidogo. Ukiupa dawa ya shingo peke yake, unauambia ukimbie."

"Kama kuwasha mashine zote mafuta yamekwisha," Honi alisema.

"Ndiyo, mzee. Hivyo hivyo."

Daktari hakumpeleka binti dirishani. Alimtoa damu mwenyewe pale pale kwenye kiti, akatazama saa ya ukutani, akaandika saa kwenye kichupa kwa mkono wake, akatoka nacho mlangoni na kuwaacha watu sitini wakishangaa. Aliporudi hakungoja majibu. Binti alilazwa, akatundikiwa maji ya chumvi, na ile homoni aliyokosa ikapitishwa kwenye mshipa.

Siku iliyofuata mchana alikuwa amekaa kitandani anaomba kitana. Alionja chai ya wodini akaisukuma. "Hii imepikwa na nani, adui?" Honi alitazama ukutani ili asionekane uso. Majibu yalikuwa yametoka: tangi tupu, kama alivyosema daktari. Atameza dawa maisha yake yote, lakini maisha anayo.

Daktari alikuja akasimama miguuni pa kitanda. "Mzee, kuhusu mama. Nakupa pole. Sikujua habari ya trei. Namba niliisoma kama ilivyoandikwa."

Maneno ya mwaka na nusu yalikuwa yamepangwa kifuani mwa Honi kama magunia ghalani. Siku hiyo mlango ulifunguliwa, akakuta hawezi kubeba hata moja. Alichokiona kilikuwa korido ile, kutoka dirishani mpaka mezani, na yeye mwenyewe anaibeba karatasi. Namba hazikuwa saizi yake, sawa. Lakini "saa tisa alasiri", darasa la tano linatosha kabisa kuyasoma maneno hayo. Mtu wa saa, mtaa mzima unamtegemea, na hakutupa hata jicho. Hilo hakumwambia daktari. Hajamwambia hata binti.

Badala yake aliuliza, "Trei ile ina matundu arobaini?"

"Ndiyo."

"Na Jumanne ile iliondoka imejaa?"

"Haiondoki bila kujaa."

"Waliopimwa hicho cha asubuhi walikuwa wangapi?"

Daktari alichezea kalamu. "Si wote, mzee. Baadhi."

"Siku ile moja. Na siku nyingine je?"

"Nitaandika barua kwa uongozi," daktari alisema, akaenda kwa wagonjwa wake.

Barua iliandikwa, Honi aliiona kwa macho yake. Kiwandani alipewa onyo kwa kulitoa daftari, akatia sahihi bila ubishi, na asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye kitufe chake. Kabla ya kubonyeza alichungulia nje kupitia dirisha la gorofani. Ng'ambo ya barabara foleni ilikuwa imeshapinda kona, na trei ilikuwa juu ya kizingiti, vichupa vitano au sita vimechomekwa, jua limeanza kuugusa ubavu wake, na hakuna mtu karibu yake. Alibonyeza, akaandika: tarehe, saa, sahihi. Kalamu ikabaki mkononi.

Wale waliotolewa damu pamoja na mkewe Jumanne ile, wakaambiwa tezi za juu ya figo ziko sawa, wakapewa kidonge kimoja kila asubuhi, nani amekwenda kuwagongea mlango?