Pointi Nne za Bariyeri

Chumba cha walimu hakikuwa na meza tena. Meza ziliivisha maharagi ya wakimbizi waliolala humo miezi mitatu, na hakuna aliyewalaumu. Kuni nyingine wangezitoa wapi? Walipoondoka, prefe Cyprien, mkuu wa shule, aliamuru mlango wa choo cha zamani ulazwe juu ya mawe manne ya volkano, na huo mlango ndio ukawa meza. Kitasa chake hakuna aliyejisumbua kukitoa. Kila mara mwalimu Fortunat alipovuta kopi ya mtihani kwa haraka, kiwiko chake kiligonga kitasa, na Sylvie, mwalimu wa Kifaransa, aliitikia kutoka kona yake:

"Ingia!"

Fortunat alikuwa na kopi sitini na moja za troisième komersiale, yaani darasa la tatu la biashara, mtihani wa mwisho wa mwaka, somo la biashara. Alikuwa na biki nyekundu moja iliyohitaji kupuliziwa pumzi ya moto ndipo iandike. Tangu benki za mji zifungwe, mshahara ulikuwa umegeuka habari ya redioni. Asubuhi ile alikuwa amekunywa chai bila kitu, na chai yenyewe ilikuwa inakaribia kuwa maji.

Alikuwa na namna yake ya kusahihisha, na shule nzima pale Keshero, mjini Goma, iliicheka. Kwanza alikunja kona ya kila kopi ili ifunike jina la mwanafunzi, akaipiga agrafu, yaani pini ya kubania karatasi, akaandika namba juu yake. Halafu hakusahihisha kopi moja toka mwanzo mpaka mwisho kama watu wengine wenye njaa. Alisahihisha swali la kwanza kwa wote sitini na mmoja, akachanganya rundo kama karata, ndipo akaingia swali la pili. Akimaliza swali, alirudia kopi kumi za mwanzo, aone kama mkono wa asubuhi na mkono wa saa tisa ulikuwa mkono uleule.

"We Fortunat," Sylvie akasema, "unapima kopi ao unapima madini ya coltan?"

"Coltan banaiba ku mizani. Hapa hapana."

"Ngoja tu. Hata hapa bataleta mizani yabo."

Swali la saba lilikuwa jepesi, la kuwapa watoto pumzi: taja njia tatu ambazo mtu anaweza kupata mtaji wa kuanza biashara. Kila njia pointi nne. Korije, yaani karatasi ya majibu sahihi aliyoiandika mwenyewe, ilisema: akiba yake, mkopo, kuungana na wengine. Wengi waliweka likirimba ya mama zao, mchezo wa kupokezana fedha, na hiyo ni kuungana, wakapata. Mmoja aliandika "kuoa mwanamuke wa Butembo," mji unaosifika kwa wafanyabiashara. Fortunat alicheka peke yake, akampa sifuri kwa huzuni.

Halafu akafika namba 38. Kama njia ya tatu, namba 38 aliandika maneno mawili: "Kufungua bariyeri," yaani kuweka kizuizi barabarani.

Sifuri.

Namba 12, vilevile. Namba 5 na namba 44, vilevile. Sifuri, sifuri, sifuri. Watoto wa barabara ya Kibati, aliwaza, wanaandika wanachokiona. Ndipo namba 20, kwa Kifaransa kilichonyooka na bila kosa hata moja: "Mtu anafunga kamba barabarani pale Kibati, anaweka vijana wawili wenye bunduki, anachukua gunia moja la mkaa kwa kila mama anayepita. Baada ya mwezi mmoja mtaji umepatikana. Hahitaji benki. Benki ni wamama."

Fortunat alisoma mara mbili. Aligonga kitasa.

"Ingia!"

Lilikuwa jibu bora kuliko majibu yote ya siku ile, na halikuwa kwenye korije. Alipulizia biki, akaandika sifuri ndogo kuliko zile nyingine, halafu akajiona anapendelea, akaikuza mpaka ikalingana na wenzake.

Alipomaliza jumla zote ndipo akatoa agrafu na kusoma majina. Namba 38 alikuwa Guylain, quarante-sept, arobaini na saba kwa mia. Namba 20 alikuwa Uwimbabazi Bénie, quarante-six, arobaini na sita, kwa sababu hesabu zilimtupa shimoni. Kupita ni cinquante, hamsini. Bénie alikaa mtaa wa Mapendo na mama yake, aliyeuza makala, yaani mkaa, kwa vikopo, na mama alishasema mbele ya walimu wote kwamba akianguka mwaka huu, hakuna mwaka mwingine. Msichana atakuja kukaa naye nyuma ya gunia. Fortunat alirudia kujumlisha mara tatu. Hesabu haikumhurumia.

Kesho yake asubuhi alipeleka pointi kwa prefe, na saa tano prefe alimwita aje na kopi.

Ofisini kulikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia Papa Guylain, baba wa namba 38. Kingine kilibeba kofia ya Papa Guylain. Prefe Cyprien alikuwa amesimama ndani ya ofisi yake mwenyewe kama mwanafunzi aliyechelewa, na mlangoni walisimama vijana wawili ambao hakuna aliyewasalimia. Papa Guylain ndiye aliyekuwa mkubwa wa bariyeri ya Kibati. Zamani alikuwa fundi wa redio. Sauti yake ilikuwa ndogo na ya upole, ikakulazimisha kumsogelea.

"Mwalimu, karibu. Mi sikusoma sana, unifundishe. Mutoto wangu aliandika nini pale ku swali ya saba?"

Fortunat alifungua kopi. "Aliandika, 'Kufungua bariyeri.'"

"Na juu ya nini ulimutilia zero?"

"Muzee, korije inasema akiba, mkopo, ao kuungana na wengine. Bariyeri haimo."

"Korije nani aliandika?"

"Mimi."

"Aah." Papa Guylain alitikisa kichwa kama mtu aliyepata kipande cha redio kilichoharibika. Akamgeukia prefe. "Prefe, ile mabati mupya ya darasa za nyuma, ilitoka wapi?"

"Kwa mukono wako, muzee. Na tunakushukuru."

"Na mukono wangu uliitoa wapi?"

Mmoja wa vijana mlangoni alitabasamu.

"Basi mutoto alisema kweli," Papa Guylain alisema polepole. "Shule inalala chini ya jibu lake, mvua ikinyesha hainyeshei mutu, na jibu mnaiita zero. Mwalimu, hiyo ni haki?"

Wangekuwa walimu wengine wangekata kona hapo hapo: wangeandika cinquante na kwenda kulala. Kichwa cha Fortunat kikaenda kule kilikozoea kwenda.

"Muzee, nikimupa yeye, itabidi nipe bote balioandika vile. Siwezi nikapima jibu moja na mizani mbili."

Prefe alifumba macho.

"Biko bangapi?"

"Batano."

Papa Guylain akacheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyefurahi kweli. "Prefe, uko na mwalimu hapa! Bape bote. Na muandike peve ya maana, na kashe ya shule, kusudi kesho mutu asiseme mutoto wangu alipendelewa."

Alichukua kofia yake. Kiti cha pili kikabaki wazi, na prefe hakukikalia.

Fortunat aliandika ile peve, yaani karatasi rasmi ya kubadilisha pointi, mchana ule juu ya mlango. Tuseme ukweli: aliandika kwa furaha. Guylain alipanda hadi cinquante et un, hamsini na moja, sawa, hiyo ilimezwa kama kidonge kichungu. Lakini namba 5, namba 12 na namba 44 walipata chao, na Bénie alifika cinquante, cinquante kamili, bila mtu kumsaidia, kwa sheria ileile iliyomsaidia mtoto wa mkubwa. Alijiona mjanja. Alijiona amepitisha haki kwenye bariyeri bila kulipa.

Na kwa kuwa alikuwa Fortunat, aliiandika vizuri. Mistari mitano. Namba, jina lote, mtaa, pointi za zamani, pointi mpya, na mbele ya kila mstari sababu ya mabadiliko, yaani maneno ya mwanafunzi mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu, bila kupunguza hata neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake: pointi haibadilishwi bila ushahidi. Prefe alipiga kashe, mhuri wa shule, bila kusoma. Dereva wa Papa Guylain alikuwa anangoja nje na injini inanguruma, akachukua nakala.

"Umeisha kuandika?" Sylvie aliuliza.

Alimpa asome nakala iliyobaki. Sylvie alianza kusoma huku akitafuna karanga. Alipofika mstari wa nne aliacha kutafuna.

"Uliandika maneno yake yote?"

"Sasa ningeandika ya nani?"

"'Benki ni wamama.' Na jina. Na Mapendo." Aliweka karatasi juu ya mlango kama kitu cha moto. "Fortunat, hii si peve. Wee, hii ni adresi ya mutoto."

Fortunat alikimbia. Walimu wa Goma hawakimbii ovyo, watu wanaweza kudhani kuna jambo, lakini alikimbia mpaka ofisini. "Prefe, ile karatasi, nilikosea kitu, tuombe baturudishie nirekebishe."

"Ulikosea nini?"

"Ni... mwandiko."

Prefe Cyprien alikuwa anafuta kiti cha pili kwa kitambaa. "Karatasi ya shule ikiisha kutoka na kashe, haiko ya shule tena," alisema. "Rudi nyumbani. Na mimi sijakuona."

Ijumaa Fortunat alikwenda Mapendo. Alijipangia maneno njiani: mama, mtume Bénie kwa shangazi yake, leo, usiulize. Alimwona mama Bénie kwa mbali, nyuma ya vikopo vyake vya makala, mikono myeusi mpaka viwiko. Akaona pia, hatua kumi hivi kutoka pale, wale vijana wawili wa mlangoni. Walikuwa wamesimama mbele ya mwuza viatu na hawakuangalia viatu.

Fortunat hakupunguza mwendo. Alipita mbele ya mama Bénie akitazama upande wa pili, akanunua kiberiti ambacho hakukihitaji, akazunguka nyuma ya soko na kurudi Keshero kwa mguu. Njia nzima alijiambia kwamba ni mtoto tu, ni mtihani tu, watu wakubwa wana kazi nyingi. Alijiambia kesho. Kesho, Jumamosi, mvua ilinyesha toka asubuhi, na alishukuru mvua.

Jumatatu ilikuwa proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo. Wazazi walijaa uwanjani juu ya mawe meusi, wamevaa vizuri, kila mmoja na kopo lake la poda ya watoto, kwa sababu mtoto anayepita humwagiwa poda kichwani mpaka anafanana na mwokaji mikate. Fortunat alipewa maikrofoni asome darasa lake. Guylain, cinquante et un: honi za pikipiki, vigelegele, wingu jeupe. Papa Guylain alikaa mstari wa mbele na kupiga makofi kwa kila mtoto, hata wa watu wengine.

"Uwimbabazi Bénie," Fortunat alisoma. "Cinquante."

Hakuna aliyetoka.

Alisoma tena. Maikrofoni ilipiga mluzi. Ndipo mama mmoja akapenya katikati ya watu, kitenge kipya, mikono imesuguliwa ikabaki na weusi kwenye kucha tu. Alikuja mpaka mbele yake.

"Mwalimu, Bénie hajafika huku?"

"Mama..."

"Jumamosi balikuja bapapa babili na karatasi ya shule. Mi sijui kusoma, lakini mwandiko wako naujua, Bénie ananionyeshaka mu kaye yake ya masomo. Na kashe niliona. Nikamwambia vaa uniforme, kimbia, shule inakuita. Balisema anaenda tu kueleza jibu yake. Sasa mwalimu, wewe ulisoma: kueleza jibu moja inaombaka siku ngapi?"

Mstari wa mbele, Papa Guylain alikuwa ameegemea kidogo, kama mtu anayetaka kusikia vizuri. Fortunat alikumbuka kwamba maikrofoni ilikuwa bado mkononi. Alibonyeza kizimio.

"Alipita, mama," alisema. Ndilo jambo pekee alilokuwa na ushahidi nalo.

"Alipita?"

"Cinquante kamili."

Mama Bénie aliangalia kulia na kushoto, kwenye vichwa vyeupe vya watoto wa watu. Alifungua kopo lake. Hakuwa na wa kumpaka.

"Basi ni wewe ulimupitisha," alisema.

Alinyoosha mkono akammwagia Fortunat poda kichwani, akatikisa kopo, akatikisa tena, akapiga kitako chake kwa kiganja mpaka likaisha lote. Watu nyuma waliona mwalimu anashukuriwa, wakapiga vigelegele. Papa Guylain alisimama na kupiga makofi, na kwa kuwa amesimama yeye, uwanja mzima ukasimama.

Prefe alimgusa bega. "Endelea. Yamebaki majina arobaini."

Fortunat aliwasha maikrofoni. Alifungua mdomo kusoma jina lililofuata, na poda ikamwingia kooni.