Wari, si Wali

Chumba tulichopewa Msambweni kilikuwa na sharti moja tu: moto marufuku. Si jiko la makaa, si mafiga, hata kibatari kilikaa nje kizingitini. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na ghala la mbata, magunia ya nazi kavu mpaka juu ya boriti, na mwenye ghala alituambia siku ile ya kwanza kwamba mafuta ya mbata yakishika moto hayazimiki. Mume wangu Ngala ndiye aliyekuwa mlinzi na mpakizi wa ghala hilo. Basi tulikula hotelini, sisi watu wa Ndavaya, ambako mwanamke akinunua chakula kilichopikwa huulizwa mikono yake ina maradhi gani.

Nilifika mwaka wa hamsini na nne, mvua za vuli zilipokwisha, na mwanangu Kahaso mgongoni, miezi kumi. Ngala alikuwa amenitangulia mwaka mzima. Alinipokea barabarani akaniambia, "Huku utakula vitu ambavyo hujavisikia hata majina."

Alisema kweli. Msambweni ilikuwa na hoteli tatu, ukihesabu na ile isiyo na kibao. Wanaume waliingia mbele wakakaa benchini. Sisi wanawake tulizunguka mlango wa uani, tukanyoosha sahani, tukatiliwa. Nilionja mahamri kwa mbaazi. Nilionja samaki wa kupaka, muhogo, maharagwe, mchicha. Na kila nilichoonja kilikuwa na tui la nazi. Nilikuwa nalala na harufu ya nazi ukutani, naamka nayo kwenye nguo, nikifungua mdomo nipate tonge naikuta imefika kabla yangu. Tumbo likakataa. Nilikuwa nakula, kisha naenda nyuma ya ukuta kutapika, narudi nikijifuta mdomo kwa ncha ya leso kana kwamba nilikwenda kuangalia kitu.

Mwezi wa kwanza nilidhani nitazoea. Mwezi wa pili maziwa yakaanza kunikauka. Kahaso alikuwa ananyonya, anaachia, ananitazama, kisha analia kwa hasira kama mtu aliyedanganywa.

"Mama Kahaso, huli," Ngala akaniambia.

"Nakula."

"Wala nini? Wala upepo? Tazama shingo yako. Watu watasema nimekuleta pwani nikakufungia ghalani na mbata."

Nilicheka kidogo, lakini yeye hakucheka. Alikuwa amekwisha kupeleka habari kwetu, kwa mkono wa Kombe, dereva aliyepandisha ng'onda, samaki wakavu, bara kwa lori kila Jumamosi. Na Kombe alirudi na neno la mama yangu: "Niletee mwanangu. Mwezi mpya ukiandama mpakie."

"Ukianza kula, utakaa," Ngala akasema. "Usipoanza, mwezi ukiandama nakupandisha lori. Sitaki kumzika mtoto huku ugenini."

Sikumlaumu. Na nisiseme uongo, nusu ya moyo wangu ilipanda lori saa ile ile. Niliona uwanja wetu, mama ameinama juu ya jiwe la kusagia, mtama ukishuka mwekundu. Niliona kibuyu cha maziwa kikifukizwa moshi. Sisi mama twamwita mayo, na neno hilo lilinijaa kinywani wiki nzima bila wa kumwitia. Lakini nusu nyingine ya moyo ilikuwa Msambweni. Nilikuwa nasoma darasa la jioni, mara tatu kwa juma, na nilikuwa nimekaribia kuandika barua. Na Ngala. Tulikuwa tumekaa mwaka mzima kila mtu peke yake, na mwaka mwingine sikuuweza.

Basi nikasema moyoni, wari wangu nitautafuta humu humu mjini.

Nilianza kwa mzee Iddi, mtu wa Mombasa, ambaye hoteli yake ilikuwa kubwa kuliko zote, na meza zilizotandikwa vitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo wataka nini?"

"Nataka wari."

"Wali! Alhamdulillahi, leo umeamka na njaa ya kweli."

Akaniletea wali. Wali wa mchele, mweupe, unang'aa kwa tui, na kipande cha nguru juu. Kwetu wari ni ugali, unga na maji na nguvu za mkono. Mchele twauona harusini. Sikuwa na uso wa kumrudishia mzee sahani ile, nikambebea Ngala, naye akaila yote akasema leo umepatia.

Kesho yake nikarudi. "Mzee, samahani. Jana sikutaka wali. Nilitaka wari."

"Ndiyo, mwanangu, nimesikia. Wali."

"Wa-ri."

"Wa-li," akasema polepole, kwa huruma, kama anayenifundisha. Akanijazia sahani tena.

Hoteli ya pili ilikuwa ya chai zaidi, na wateja wake wengi walikuwa Wadigo. Nikafurahi, maana Mdigo na sisi Waduruma twaelewana, naye wari anaujua. Nilisimama mlangoni uani nikauliza. Mzee mmoja aliyeitwa Boga, aliyekuwa akinywa chai karibu na dirisha, akanisikia kabla ya mpishi.

"Jamani! Mwana huyu ataka wari hotelini!"

Benchi zima likacheka.

"Dada," akasema, akipangusa macho, "wari huliwa kwako. Hotelini mtu huja kula asichokipata kwake. Hoteli ikiuza wari, mimi si nitadhani nimerudi kwa mke wangu?"

"Tena umekasirikiwa!" mwingine akadakia.

Nikacheka nao, kwani ningefanyaje, na nikaondoka. Nilipokata kona, machozi yakanitoka. Maneno yake hayakuniuma. Kilichonitoa machozi ni kule kulisikia neno wari likitamkwa sawasawa na watu wengi namna ile, na hapakuwa na hata tonge lake.

Ikabaki hoteli isiyo na kibao, karibu na njia ya kushukia pwani. Wao walioka mkate wa mofa, na siku niliyopita nikasimama njiani kama aliyeitwa. Unga wa mtama! Harufu ya mtama juu ya moto, mbele yangu, Msambweni! Nilizunguka uani mbio hata Kahaso akacheka mgongoni. Nikanyoosha sahani. Mpishi akauweka mkate, wa moto, mwekundu, na kabla sijasema neno akaumwagia upawa mzima wa mchuzi wa papa kwa tui.

Nikasimama nikiutazama ule mkate ukilowa. Kisha nikakaa chini pale pale.

"We mwana!" mpishi akasema. "Mkate ndio unaokuliza?"

Alikuwa mama wa makamo, mikono minene, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, vifuu vimemzunguka mpaka magotini. Jina lake Mwanarusi, mtu wa Munje. Nilimwamkia shikamoo hali nalia. Akaitika marahaba, akamchukua Kahaso mgongoni kwangu bila kuniuliza, akamkalisha pajani. Nikamweleza yote, ghala, nazi, lori, mwezi.

Akanisikiliza akiendelea kumrusharusha mtoto. Kisha akachungulia ndani kuona kama wateja wamekwisha. Adhuhuri ilikuwa imepita, benchi zilikuwa tupu.

"Njoo huku."

Nyuma ya tanuri, kwenye mafiga matatu yake mwenyewe, palikuwa na chungu kidogo kimefunikwa kwa ungo. Akafunua. Ulikuwa wari. Na kando yake mtsunga, yale majani machungu ya porini, yamechemshwa kwa chumvi tu na pilipili moja.

"Mpishi hali anachopika," akasema. "Tangu alfajiri nakuna nazi. Ikifika saa yangu ya kula, tui hata kulitazama siwezi. Hoteli zote hizi ni vivyo hivyo. Huko kwa Iddi mpishi wake anakula wari kila siku, mzee mwenyewe hajui. Ulikuwa waomba mlango wa mbele."

"Nilikuwa naomba uani."

"Uani kuna mbele yake, mwanangu, na kuna nyuma yake."

Nikanawa. Nikakata tonge, nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikachota mtsunga. Ulikuwa unga mweupe wa dukani, wa mahindi, si mtama. Haukuwa na moshi wa kwetu. Aliusonga laini, mayo angesema huu ni uji uliochoka. Nikala. Tumbo likanyamaza kama mtoto aliyelala. Nikala mpaka nikakwangua chungu, na kadiri nilivyoshiba ndivyo nilivyozidi kuwa mbali na kwetu, sijui kwa nini. Nilipokuwa na njaa Ndavaya ilikuwa tumboni. Sasa ilikuwa kule iliko.

"Rudi kesho," Mwanarusi akasema. "Utanisaidia kukuna, nami mafiga yangu ni yako."

Nikawa narudi. Asubuhi nilikuna nazi, mimi, nikiwakunia watu wengine. Adhuhuri nilisonga wari mwenyewe, mgumu, kama wetu, na Mwanarusi akalalamika kwamba namvunja meno, lakini alikula. Siku ya tisa au ya kumi nikaona leso yangu imelowa kifuani. Maziwa. Kahaso alinyonya akasinzia na titi mdomoni.

Ikabaki kumwambia mayo, mwezi usije ukaandama Kombe akaja kunichukua.

Darasani mwalimu wetu alikuwa Abdurahman, kijana wa Lamu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuchujwa. Alituambia sasa kila mtu aandike barua yake ya kweli, kwa mtu wa kweli. Niliandika magharibi mbili. Nikaandika: Mayo, usinitumie lori. Mimi na mtoto tu wazima. Siku hizi nakula wari kila siku, nashiba.

Mwalimu akaipitia kwa kidole. "Mashaallah, Mbeyu. Mwandiko wako umenyooka kuliko wa waliokutangulia." Kidole kikasimama. "Hapa umekosea. Nyinyi watu wa bara, ri na li zawachanganya. Neno ni wali."

"Mwalimu, ni..."

"Wari katika Kiswahili hakuna. Wali. Futa taratibu, usichane karatasi."

Ningeweza kumweleza. Angenisikiliza, alikuwa mtu wa kusikiliza. Lakini wenzangu walikuwa wameinua macho, nami nilikuwa bado na ile sifa ya mwandiko masikioni, mbichi. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Nikafuta, nikaandika l, ndefu, nzuri. Kombe akaipeleka.

Nilikaa na hofu mpaka mwezi ulipoandama, ukawa kama ukucha juu ya minazi. Jumamosi yake Kombe akapita kwa Mwanarusi. Alinikuta kwenye mbuzi nikikuna, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mamako amesema usome mwenyewe, usimpe mtu."

Ilikuwa imeandikwa na Chengo, mtu wa misheni aliyekuwa akiwasomea wazee wa kwetu barua. Lakini maneno yalikuwa yake mayo, niliisikia sauti yake.

*Mwanangu Mbeyu, barua yako imefika, Chengo ameisoma mara mbili. Kwanza sikusadiki, nikamwambia asome tena pale pa chakula. Ameniapia imeandikwa wali, ule wa mchele. Mimi wali nimeula harusi yako na harusi ya dada yako, basi. Nimewaambia majirani wote kwamba mwanangu anakula wali kila siku kama bibi harusi. Nilikuwa nimekusagia mtama wa kukupokelea. Nimeusonga jana, wadogo zako wameula. Kibuyu nilichokufukizia nimewapa pia, maziwa yangeharibika. Kaa, mwanangu. Usirudi kwenye chakula cha shida. Na Kahaso umzoeze wali tangu sasa, asije akasumbuka.*

Nilisoma yote, bila kukwama hata neno moja. Ndilo nililokuwa nikiomba, kukaa. Nilipewa.

Ngala akaja adhuhuri, vumbi la mbata mpaka kwenye nyusi. "Mama asemaje?"

"Asema nikae."

"Alhamdu..." akaanza, akaona uso wangu. "Sasa walia nini? Si ulitaka kukaa?"

"Ameugawa mtama wangu," nikasema.

Hakuelewa. Akanitazama, akaitazama karatasi asiyoweza kuisoma, kisha akakaa kando yangu juu ya vifuu vya nazi na kuniwekea mkono begani. Mwanarusi akatuletea sahani ya wari. Kahaso alikuwa wa kwanza kuifikia, akachota kwa vidole vinne, akajipaka mpaka masikioni.

"Aula wali huyo!" Ngala akasema, akicheka.

Nikageuka. Alikuwa mume wangu, mtoto wa Ndavaya, na hakujisikia alivyosema.

"Wari," nikamwambia mtoto. "Kahaso, sema wari."

Mtoto akasema mamama.

Lori la Kombe lilikuwa liondoke baada ya sala ya alasiri. Nikachana ukurasa wa daftari langu, nikautandika juu ya ubao wa kukatia samaki, nikalamba ncha ya kalamu ya risasi. Hii sikumpelekea mwalimu.

*Mayo, si wali. Ni wari, nausonga mwenyewe, uani kwa mama mmoja wa Munje. Nitakaa. Lakini nisagie tena, hata kibaba kimoja, umpe Kombe. Na maziwa ukitia kibuyuni usiwape yote.*

Niliposikia lori linaunguruma barabarani nikaitazama ile r. Ilikuwa imetoka nyembamba, mtu mwenye haraka angeweza kuipita. Nikairudia kwa kalamu, nikairudia tena, mpaka karatasi ikatoboka kidogo, kisha nikakimbia.