Kikoti cha Arobaini

Ulimi ndio uliomponza Siwema. Siku ya saba ya mjukuu wake Abbasi, mtoto alipokwisha nyolewa, mkwewe Sofia, mama yake baba mtoto, alifungua furushi mbele ya kina mama akatoa nguo za dukani zilizokunjwa vizuri, akasema zimeshuka melini juzi tu. Nguo zikapita mkono kwa mkono zikisifiwa. Siwema akasikia wivu unamchoma, na kabla hajajizuia akatangaza kwamba siku ya arobaini mjukuu wake atatoka ndani na kikoti cha sufu alichofuma bibi yake, kwa mkono wake mwenyewe. Sofia akatabasamu, akasema atakuja kukiona.

Ahadi nzuri hiyo, ila bibi mwenyewe hakuwahi kushika sindano ya kufumia tangu azaliwe.

Kesho yake alipiga hodi nyuma ya duka la Harilal, pale pale kona ya Mtaa wa Sikukuu. Mkewe Harilal, Champaben, mtaa mzima walimwita Mama Narendra, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi bila ya kufuma kitu. Alikubali kumfundisha kwa sharti moja, naye afundishwe wali wa nazi. Miaka sita, alisema, harufu ya chungu cha Siwema ilikuwa inaruka ukuta kila jioni na kumtia tamaa bure.

Champaben hakuwa mtu wa vitabu vya kufumia. Alifundisha kama alivyofundishwa na mama yake, kwa macho na mkono. Mgongo wa kikoti, alisema, ni shibiri moja na vidole vinne. Mikono, shibiri moja. Siwema akashika kichwani kila neno, akaenda kwake akafuma. Alifuma akichambua mchele, alifuma maharage yakiwa jikoni, na mara mbili yaliungua.

Kikoti cha kwanza kilipokwisha, binti yake Sitara, mzazi mwenyewe, alikikunjua juu ya mtoto akacheka mpaka akashika tumbo. Mtoto hakuonekana. Kikoti kile kingemtosha mtoto wa chuoni anayesoma juzuu. Siwema akasema mkono wake umelegea, basi. Akafumua chote, akaanza upya, safari hii akikaza uzi mpaka vidole vikamuuma. Cha pili kikatoka kigumu kama gunia, na kikubwa vile vile.

Sasa zilibaki siku tano. Siwema hakucheka tena. Akilini alimwona Sofia akiingia mlangoni na tabasamu lake, akatamani augue ghafla, homa ya kweli, apate kisingizio cha kujifunika shuka.

Siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya somo la wali, na ahadi ni ahadi. Champaben alikuja na sufuria yake na mwiko wake, maana vya Siwema vimekwisha zoeana na samaki, na nyumbani kwake hawali samaki wala nyama. Siwema hakuudhika, kila nyumba ina mambo yake. Wakakuna nazi, wakachuja tui, wakaosha mchele. Ilipofika kutia tui, Siwema akamwambia atie mpaka lipande juu ya mchele pingili moja ya kidole. Champaben akatumbukiza kidole, akasita.

"Kidole chako au changu?" akauliza.

Siwema akataka kumjibu kwamba kidole ni kidole. Kisha akautazama ule mkono juu ya sufuria. Ulikuwa mkono wa kitoto, vidole vyake vidogo kama bamia changa. Akautazama na wake, mkono uliotwanga na kukuna na kukanda miaka thelathini, ambao ukiutandaza unafunika sahani. Akaketi chini jikoni akaanza kucheka, machozi yakamtoka, na Champaben akawa anamwuliza ana nini na yeye hawezi kusema. Mwishowe akauchukua mkono wa mwenzake, akaulaza juu ya wake, shibiri juu ya shibiri. Champaben akaziba mdomo kwa pembe ya sari.

Wakakata uzi, wakaupima kwa mkono mdogo, wakaufunga mafundo ya kuonyesha urefu wa mgongo na wa mikono. Wali ulipoiva walikuwa bado wanacheka.

Lakini siku hazikungoja, zilikuwa tano tu. Champaben alisema amwachie yeye walau mikono ya kikoti, ataimaliza kwa siku moja.

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Mama Narendra."

Champaben hakubisha. Alimwambia basi aweke mwiko chini asiushike mpaka kikoti kiishe, chakula kitatoka kwake. Na kweli, siku nne mfululizo sinia lilivuka uwanja, chapati laini, dengu, viazi vya bizari, bilinganya. Seifu, mumewe Siwema, kuli wa bandarini ambaye kwake mlo bila samaki haukuwa mlo, siku ya kwanza alifunua sinia akaguna. Ya pili hakuguna. Ya nne alirudi kazini mapema, akauliza kwa upole kama kufuma kwenyewe hakuwezi kuongezewa wiki.

Kikoti kilikwisha asubuhi ya arobaini. Siwema alimvika mtoto, kikamkaa. Alitamani kupiga vigelegele peke yake chumbani.

Sofia alikuja alasiri na wenzake kumchukua Sitara na mjukuu. Alimpakata Abbasi, akakigeuza kikoti mbele na nyuma, akakagua kola, akakagua mikono. Chini ya kwapa kidole chake kikapenya. Palikuwa na tundu, pale uzi ulipomponyoka Siwema naye asione. Sofia akainua macho. Champaben, aliyeketi karibu na mlango, akainamia magoti yake.

Siwema alisikia uso unamwaka. Uongo ulimjia tayari, wa panya, wa msumari.

"Na hilo tundu pia nimelifuma mimi, mkwe," akasema. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Wa kwanza kucheka alikuwa Sofia, kicheko kikubwa ambacho hakuna aliyemdhania anacho, na chumba kizima kikamfuata. Alipotulia alifuta macho kwa kanga, akalisawazisha lile tundu polepole kwa kidole gumba, akamwinamia Siwema asisikiwe na wengine.

"Mimi hununua kwa sababu sijui kutengeneza kitu chochote. Niliona aibu kuja mikono mitupu."

Moyo wa Siwema ulikuwa umejaa. Alisogea kwenye mkeka akampa nafasi, wakaketi bega kwa bega, na mtoto akalala mapajani mwao wawili.